Chupa Isiyo na Jina

Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani saa saba mchana, pua hukutangulia. Huku mafundi wanachomelea mageti na harufu ya chuma kilichoungua inakaa kooni. Kule mafuta ya chipsi yamechemka tangu asubuhi. Kata kona kuelekea Kariakoo, hatua chache tu, na upepo unageuka harusi: udi, miski, waridi, vanila. Umefika kwenye meza ya pafyumu za kupima.

Meza yenyewe ni ubao juu ya stuli mbili, chini ya mwavuli uliopauka. Nyuma yamepangwa makopo ya alumini, mbele vichupa vitupu vya kioo, na katikati kuna bomba la sindano lililotolewa sindano, lile la kumpimia mtoto dawa ya maji. Muuzaji anavuta mafuta mpaka mstari wa tatu, anayasukumia kichupani, anajaliza spiriti, anatikisa, kisha anafuta kwa kitambaa ambacho peke yake kingemtosha mtu kunukia mwezi mzima. Jua limeshavuka mwavuli, limepiga safu yote ya kulia. Kopo moja limepoteza kifuniko. Limezibwa kwa kipande cha nailoni na mpira.

Si hapo nilipoungulia mimi. Lilikuwa duka jingine, na jina lake nalihifadhi. Nilijipulizia shingoni asubuhi, nikashinda juani, na siku ya pili ukatokea mchirizi kutoka chini ya sikio hadi kwenye mtulinga, kama mtu amenipitishia kidole chenye masizi. Uliwasha, ukapona. Weusi wake ukabaki miezi saba. Nilipokwenda kwa daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu: ulipaka nini? Nikajibu, "Ile ya bluu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kila watu wanapobishana juu ya marashi na ngozi, na mjini hapa hawaachi kubishana. Wasemaji watatu ninaowakalisha hapa kwenye benchi moja nimewatunga, ila hoja zao sikuzitunga. Muuzaji ni wa meza ile. Bi Mkubwa ni mzaliwa wa Pemba aliyezeekea Gerezani. Daktari ni binti wa ngozi, kwa maana ya kazi.

MUUZAJI: Tuanze na ukweli, dokta. Nina miaka kumi na moja kwenye hii meza. Waliorudi kulalamika nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wote ngozi zao zilikuwa na matatizo yake. Ukipaka pilipili kwenye kidonda utasema pilipili mbaya?

DAKTARI: Kwenye idadi hujakosea sana. Ulaya, walikopima watu wa kawaida na si wagonjwa, wenye mzio wa manukato ni kati ya 1 na 3 kwa kila 100. Lakini tazama lile basi refu la mwendokasi linaloingia pale: likijaa linabeba zaidi ya watu mia. Basi zima, unao wako wawili. Na hawakuzaliwa hivyo, kaka yangu. Mzio wa namna hii hutengenezwa.

BI MKUBWA: Unatengenezwaje, mwanangu? Na nani?

DAKTARI: Na mwili wenyewe, Bi Mkubwa. Chembe za manukato ni ndogo, zinapenya ngozi na kujishikiza kwenye protini zetu. Askari wa kinga wanazichukua, wanazipeleka kwenye tezi, wanazionyesha kwa wenzao: huyu ni mgeni, mkumbukeni. Siku hiyo huoni kitu. Zikipita siku kumi au wiki mbili, jeshi limeshafunzwa. Ukipaka tena, hata baada ya mwaka, ngozi inavimba, inawasha, inatoa malengelenge. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba pafyumu hiyo ameitumia miaka mitano, haiwezi kuwa ndiyo. Inaweza. Na upele hautoki palepale. Unachukua siku moja, mbili, hata tatu. Amejipulizia Jumamosi harusini, anawashwa Jumatatu, analaumu kamba aliowala Jumapili. Atarudije kwako?

Hapo Muuzaji alinyamaza kidogo, na mimi nikahesabu kamba wangu niliowalaumu bure. Hesabu yake ya vidole vitano ilikuwa ya waliorudi. Waliowashwa wakanyamaza hakuna aliyewahesabu.

BI MKUBWA: Hayo yote ni ya hizi za makopo. Sisi kwetu tulikuwa na asumini, kilua, mrehani, waridi. Bibi harusi anasuguliwa liwa, anapakwa dalia, ananukia hadi jirani anafungua dirisha. Mafuta ya karafuu tulichulia watoto matumbo. Vya Mungu havichomi.

DAKTARI: Shikamoo tena, Bi Mkubwa, maana hapa nitakukosea adabu kidogo. Mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo pale Wawi, Chake Chake, sehemu yake kubwa ni kitu kinachoitwa yujenoli. Ndicho kinachoipa karafuu harufu yake na ndicho kinachotia ganzi jino. Ndicho pia kilichomo kwenye orodha ya vitu 26 ambavyo Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2003 vitajwe kwa majina kwenye vipodozi, kwa sababu vinaleta mzio. Harufu ya mdalasini ina mwenzake, sinamali, mkali kuliko yujenoli. Mlangilangi unaotujia na sifa zake kutoka Komoro nao una lake. Wanasayansi washauri wa Ulaya walipoandika maoni yao mwaka 2012 walitaja vitu 82 vilivyothibitika kuwaletea watu mzio wa ngozi. Kemikali moja moja 54. Vilivyobaki 28 ni mafuta na dondoo za mimea.

MUUZAJI: Umesikia, Bi Mkubwa? Ishirini na nane vya Mungu hivyo.

BI MKUBWA: Wewe pima pafyumu yako. Haya, na ndimu? Kwapa likinuka, ndimu ndiyo dawa, kila mtu anajua.

DAKTARI: Ndimu inaua harufu kweli, asidi yake inafukuza vijidudu. Lakini ganda la ndimu lina kitu kinachoamshwa na jua. Mtu akamue ndimu uani, maji na mafuta ya ganda yamchirizikie mkononi, abaki juani. Kesho yake au keshokutwa ana malengelenge, kisha mistari myeusi inayofuata njia ileile maji yalikopita. Si mzio huo, wala haubagui, ni kuungua. Mwaka 1916 tabibu aitwaye Freund aliwaeleza watu waliokuwa na michirizi kama hiyo shingoni. Walijipaka koloni. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya begamoti, tunda la kusini mwa Italia, mtoto wa danzi na limau.

Nilijikuta nimeshika shingo. Miaka zaidi ya mia, na mchirizi ni uleule. Ngozi yetu nyeusi ina tabia yake hapa: wekundu unapita haraka au hauonekani kabisa, ila doa linakaa, na mwenye doa haendi hospitali bali dukani kutafuta krimu ya kuling'arisha. Hapo ndipo mkorogo unapoingia. Krimu nyingi za mkorogo zina dawa za steroidi, na dawa hizo hutuliza upele wa mzio. Kwa hiyo mtu anaendelea kujipulizia kinachomuumiza na haoni dalili, mpaka siku anapoacha mkorogo na uso unalipuka. Atasema kuacha ndiko kulikomdhuru. Hilo nimelisikia saluni zaidi ya mara moja, likisemwa kama ushauri.

MUUZAJI: Basi dokta, kama vya asili vinachoma, afadhali hivi vyetu vya maabara. Na tena mimi naleta mzigo orijino, si kopi. Feki ndiyo inayochubua watu.

DAKTARI: Feki ina balaa lake, kwa kuwa hujui kilichomo. Lakini orijino si kinga. Kulikuwa na miski ya maabara iliyoitwa ambreti, ikawekwa kwenye marashi ya wanaume ya kupaka baada ya kunyoa. Wakitoka juani nyuso zinaharibika. Ulaya wakaipiga marufuku miaka ya 1990. Kulikuwa na Lyral, harufu laini ya maua, ilikuwamo kwenye losheni na deodoranti za kila namna. Iliwapa mzio watu wengi kiasi kwamba Ulaya waliizuia kuingizwa sokoni mwaka 2019, na 2021 wakaiondoa hata iliyobaki kwenye rafu. Lilial ikafuata Machi 2022, hiyo kwa sababu za uzazi. Havikuwa vya uchochoroni hivyo. Vilikuwa kwenye chupa zenye majina, za bei mbaya. Ngozi haijui bei.

BI MKUBWA: Sasa nisikilizeni mimi, maana mnapigana na mafuta wakati kosa ni la mkono. Sisi udi tuliutia chetezoni, juu tunafunika tundu, nguo tunazitandaza hapo. Nguo ndiyo inayonukia. Kikuba unakibana kwenye nguo. Asumini unaifunga nyweleni. Nani alikwambieni tulikuwa tunanyoa kwapa na papo hapo tunajipulizia, kisha twende kubanana kwenye basi? Leo binti anaoga sabuni ya harufu, anapaka losheni ya harufu, deodoranti ya harufu, juu yake unyunyu, na nywele zake zina mafuta ya harufu. Ana harufu tano mwilini, hazisalimiani.

DAKTARI: Hapo Bi Mkubwa sina la kukujibu. Umesema kuliko vitabu vyangu.

Duru hii nampa Bi Mkubwa, ingawa liwa na dalia aliziruka kiufundi sana, na zote mbili hupakwa mwilini. (Moshi wa udi nao una kesi yake na mapafu ya mwenye pumu, lakini hiyo si kesi ya leo.) Alichokigusa ni kile ambacho wauzaji na wanunuzi wote tunakisahau: mahali na muda. Kwapa lililonyolewa asubuhi limejaa mikwaruzo isiyoonekana, lina joto, lina jasho, limefungwa. Tone lilelile lingeweka harufu kwenye kanzu siku nzima bila kumgusa mtu. Hariri itapata doa, sawa. Doa la hariri halikuwashi usiku.

MUUZAJI: Haya, tuseme lebo, maana najua ndiko mnakokwenda. Dokta, chukua chupa yoyote ya kwenye maduka ya vioo, ya Paris au ya Dubai. Geuza nyuma, soma. Spiriti, maji, halafu neno moja: parfum. Hilo neno moja lina vitu vingapi ndani? Hamsini? Mia? Wao wanaandika neno moja mnawaita kampuni. Mimi nisipoandika mnaniita tapeli.

Sikuwa nimetegemea Muuzaji ndiye aseme hilo, lakini ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotoka upande wake.

DAKTARI: Una haki kulalamika. Mchanganyiko wa harufu huhesabiwa siri ya biashara, na neno hilo moja linaruhusiwa. Ulaya wameutoboa ukuta huo kidogo: kitu kilichomo kwenye orodha kikizidi asilimia 0.001 kwenye cha kupaka kikabaki mwilini, au 0.01 kwenye cha kusuuza, lazima kitajwe kwa jina lake. Kanuni ya mwaka 2023 imeifikisha orodha kwenye vitu zaidi ya 80. Bidhaa mpya zinaifuata kuanzia 31 Julai 2026, na za zamani zimepewa hadi 31 Julai 2028. Hapa kwetu vipodozi vilikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Tangu 1 Julai 2019 viko chini ya shirika la viwango, TBS. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi kipo, EAS 346. Orodha ya vilivyopigwa marufuku ipo, EAS 377. Lakini vyote hivyo vinasoma lebo. Kichupa chako hakina cha kusomwa.

MUUZAJI: Mimi si kiwanda, dokta. Mimi napima tu.

DAKTARI: Hapo ndipo ninapokukatalia. Wenye viwanda vya manukato duniani wana umoja wao, IFRA, tangu 1973. Wanajiwekea mipaka wenyewe, na mipaka yao haihusu kopo la mafuta. Inahusu kitu kilichokamilika, kinachogusa ngozi. Mafuta ya begamoti yenye sumu ya jua, kwa mfano, yasizidi asilimia 0.4 kwenye kipodozi kinachobaki kwenye ngozi inayopigwa na jua. Sasa niambie, nani anaamua asilimia kwenye kichupa hiki? Mteja akikwambia, "Niwekee kali, ikae," unafanyaje?

MUUZAJI: Naongeza mafuta, napunguza spiriti.

DAKTARI: Basi kiwanda kiko mkononi mwako. Kopo limetoka kwa mtengenezaji na hesabu zake, bomba lako likaziandika upya.

BI MKUBWA: Na hilo kopo la nailoni, baba?

DAKTARI: Nilikuwa nakuja hapo. Kaka, harufu za maganda ya machungwa na ndimu zina limonini. Za lavenda na maua mengi zina linaloli. Vikiwa vipya si vikali sana kwa mzio. Ila vikikutana na hewa vinageuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Ann-Therese Karlberg, wameifuatilia habari hii miaka mingi: linaloli na limonini zilizokaa wazi zinazaa vitu vipya, na hivyo vipya ndivyo vinavyowachokoza watu. Joto linaharakisha. Kwa hiyo swali si kama mzigo wako ni orijino tu. Swali ni kopo lilifunguliwa lini na limekaa wapi.

MUUZAJI: Lakini harufu yake haijabadilika! Nusa.

DAKTARI: Maziwa yana bahati, yakichacha pua inajua. Haya hayakwambii.

Muuzaji hakujibu. Alianza kuhamisha safu ya kulia, kopo moja moja, kwenda upande wa kivuli, huku akiendelea kusema kwamba haamini hata neno moja. Lile la nailoni alilishika muda, akalinusa, akaliweka chini ya meza.

MUUZAJI: Sasa mnataka watu wasijipulizie?

DAKTARI: Aliyeshapata mzio wa kitu, akiache kitu hicho maisha. Kinga ya mwili haisahau, na hakuna kidonge cha kuisahaulisha. Wengine wote, wapunguze na...

BI MKUBWA: Usiseme waache, mwanangu. Mwanamke wa pwani bila harufu ni nyumba bila taa.

DAKTARI: Sisemi waache. Nasema wajaribu kwanza. Chukua tone, paka ndani ya kiwiko, eneo la sarafu, asubuhi na jioni, palepale, siku saba hadi kumi. Kama ni pafyumu ya spiriti, acha ikauke wazi, usifunike. Ukianza kuwashwa, acha hapohapo. Usijaribu mara moja ukasema imepita. Nimeshakwambia jeshi linachelewa. Na mtu mwenye upele unaorudirudi anahitaji kipimo cha viraka: tunambandika mgongoni vitu vinavyoshukiwa, tunaviacha saa 48, tunavibandua, tunasoma, na tunasoma tena baada ya siku kadhaa. Ila kipimo hicho kinahitaji majina. Siwezi kumbandika mtu "ile ya bluu".

Daktari hakunitazama aliposema hivyo. Hata hivyo nilihisi benchi zima limenigeukia.

Hapa ndipo ninaposimama mimi, na sisimami katikati. Ugomvi wa asili na kemikali ni wa bure. Ugomvi wa orijino na feki ni nusu ya habari. Mtu akiungua na chupa yenye maandishi, hata maandishi machache, ana pa kuanzia. Daktari atasoma, ataondoa hiki na kile, mwaka ujao mgonjwa atajua cha kukwepa katika kila sabuni na kila losheni. Aliyeungua na kichupa kitupu ataendelea kuungua na kitu kilekile chini ya rangi nyingine, na kila mara ataambiwa ngozi yake mbovu. Mimi mpaka leo naogopa pafyumu zote kwa kosa la moja nisiyoijua.

BI MKUBWA: Basi aandike. Kalamu si ile hapo?

MUUZAJI: Bi Mkubwa, nikimwandikia mteja jina la mafuta, kesho ananunua kwa jirani kwa bei ya chini. Siri ya meza hii ndiyo mtaji wangu.

BI MKUBWA: Kwani jirani hana pua? Anajua unachouza toka mwaka juzi.

Kwa hilo Muuzaji alicheka, na hakuandika. Sitamsingizia kwamba aliongoka. Lakini TBS wakipita Kariakoo, na wapite Gerezani pia, wasiishie kukamata krimu za kuchubua. Waweke na sharti dogo kwenye meza za kupima. Maneno matatu kwenye karatasi ya gundi: jina la mafuta kama lilivyo kwenye kopo, mafuta mangapi kwa spiriti ngapi, na tarehe kopo lilipofunguliwa. Hakuna maabara inayohitajika.

Nawe msomaji, ukienda pale wiki hii, kabla bomba halijavuta, mwombe akuandikie hayo matatu. Akikataa, simama tu hapo dakika tano ukiuliza bei; harufu itakayoshika kwenye nguo zako itakufikisha nyumbani, tena bure.